Umegongwa Minnesota? Hospitali inalipwa na bima yako mwenyewe, hata kama kosa si lako

#1 BaridiKali

Wakuu, habari za baridi.

Uzi huu ni kwa Waswahili wa Minneapolis, Saint Paul, Brooklyn Park na viunga vyake. Wa majimbo mengine nanyi someni, huenda mkakuta lenu huko mbele. Nafanya kazi upande wa ankara kwenye kliniki moja ya hapa. Theluji ya kwanza ikishuka tu, watu wetu wanaanza kuingia wameshika shingo na kiuno. Nikiomba namba ya dai naambiwa, "Sijafungua, kosa ni lake, bima yake ndiyo italipa." Basi anasubiri. Ankara nazo zinasubiri, mpaka siku zinapelekwa kwa wakusanya madeni.

Siwalaumu, nyumbani ndivyo tulivyozoea. Ukigongwa Ubungo au Thika Road, trafiki aje apime, achore mchoro, upewe PF3 (Kenya P3), halafu uanze kumfukuzia mwenye kosa na kampuni yake. Wakikataa, mahakamani, na kalenda ya mahakama mnaijua.

Minnesota jambo hili wamelikata vipande viwili tangu Januari 1975. Mwili wako unatibiwa na bima yako. Gari lako linatengenezwa na bima ya aliyekosa. Karibu kila ugomvi ninaouona pale dirishani unatokana na mtu kuchanganya hivi viwili.

Kwenye karatasi utaona imeandikwa no-fault, na kipengele chenyewe cha malipo watu wanakiita PIP (personal injury protection, kinga ya kuumia mwili). Hiyo haina maana kwamba hakuna mwenye kosa. Polisi anaweza kumwandikia mwenzako tiketi, na kampuni zitabishana nani alikosa kwa asilimia ngapi. Ila daktari hasubiri ubishi huo uishe.

Sasa hela. Sheria inalazimisha kila bima ya gari ya hapa iwe na angalau dola 40,000 kwa kila aliyeumia: 20,000 za matibabu na 20,000 za hasara nyingine. Ukishindwa kwenda kazini wanakulipa asilimia 85 ya mshahara kabla ya makato, mwisho dola 500 kwa wiki. Wenye kazi mbili, pelekeni stabu (karatasi za malipo ya mshahara) za kazi zote mbili. Mazishi yamo pia, hadi dola 5,000.

Na hili watu wengi hawaambiwi: fungu la matibabu linalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa daktari, na linamlipa mkalimani. Sheria imetaja kabisa huduma za kutafsiri lugha, mradi mkalimani asiwe ndugu wa familia. Kwa hiyo mama ambaye Kiingereza kinamsumbua hana sababu ya kumtoa mtoto shuleni aje kumtafsiria habari za nyonga yake. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ila jueni malipo yake yanatoka kwenye zile zile 20,000.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Piga simu kampuni YAKO, sema umepata ajali na umeumia, upewe namba ya dai na jina la ajasta, yaani mfanyakazi wa kampuni anayeshughulikia dai lako. Watakutumia fomu ya maombi pamoja na karatasi ya kuruhusu hospitali iwape kumbukumbu zako. Jaza, rudisha, baki na nakala. Halafu, na hapa ndipo tunapogombana dirishani, kila kliniki unayokwenda wape namba ya dai ya GARI, usiwape kadi ya bima ya afya. Ukitoa kadi ya afya, wale wataona ni ajali ya gari, watairudisha ankara, itazunguka weee, na barua ya deni itakuja kwako.

Mikataba mingi inatoa miezi sita ya kutoa taarifa. Usiitumie yote. Maumivu ya shingo mara nyingi yanaamka kesho yake au keshokutwa, na ukienda hospitali baada ya wiki nyingi ajasta atauliza ulikuwa wapi. Ukikatiza matibabu mwaka mzima halafu ukarudi, mkataba unaweza kuwa umekufungia mlango.

Nimemaliza yangu. Ulizeni.

#2 KijanaWaKinondoni

Mkuu, samahani, mimi naona huu ni wizi mtupu. Mtu aniparamie kwenye taa nyekundu, halafu bima yangu, ninayoilipa kwa jasho langu, ndiyo inilipie hospitali? Mwaka ujao si watanipandishia bei?

#3 BaridiKali

Swali lako analo kila mtu, mkuu. Bei wanaipima kwa kuangalia nani alikosa na historia yako ya barabarani, na ndiyo maana nikasema kosa halijafutwa. Polisi akija hakikisha ripoti imeandika ukweli, piga picha za taa, matairi na barabara, chukua simu za mashahidi.

Kuhusu wizi, umeshalipia. Kipengele hicho kimo kwenye bei yako kila mwezi, upende usipende. Ukikaa bila kukidai, hela yako wamekula bure.

Na ukitaka kujua kwa nini walifanya hivi: zamani huku nako majeruhi alikuwa anasubiri kesi miaka huku madeni ya hospitali yakimwandama. Mwaka 1965 maprofesa wawili wa sheria, Robert Keeton na Jeffrey O'Connell, wakapendekeza kila mtu atibiwe na bima yake bila kuuliza kosa, na kesi zibaki za walioumia vibaya. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza la Marekani, 1 Januari 1971. Mengine yakafuata, na mengine yakaja kujitoa; Colorado walitoka 2003. Si majimbo yote yanaupenda mfumo huu.

#4 MamaWawili

Asante sana kaka kwa elimu. Mimi sijaajiriwa, nipo nyumbani na wanangu wadogo. Niligongwa nikiwa nimekaa mbele kwenye gari la mume wangu. Ajasta ananiambia kwa kuwa sina mshahara sina cha kudai zaidi ya hospitali. Ni kweli?

#5 BaridiKali

Pole sana dada. Hapana, si kweli, au hamkuelewana.

Kwenye lile fungu la pili kuna malipo ya kazi za nyumbani unazoshindwa kuzifanya kwa sababu ya kuumia: kupika, kufua, kuogesha watoto, kusukuma theluji. Mwisho ni dola 200 kwa wiki, na siku saba za kwanza baada ya ajali hawazihesabu. Mtu anayefanya kazi nje anatakiwa aonyeshe risiti, kwamba alimlipa fulani amsaidie. Lakini mtu ambaye kutunza nyumba ndiyo kazi yake ya kutwa, kama wewe, sheria inamhesabia thamani ya kazi hiyo hata kama hakumwajiri mtu yeyote. Kazi yako ina bei hapa Minnesota, dada.

Daktari akuandikie barua ya kile usichoweza: usinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, usiiname, usisimame muda mrefu. Halafu tengeneza orodha ya kazi zako za wiki na masaa yake. Mwambie ajasta kwa maandishi kwamba unaomba malipo ya kazi mbadala za nyumbani kama mtunza nyumba wa kutwa. Kwa maandishi, usiishie kwenye simu.

#6 MamaWawili

Mungu akubariki. Mume wangu anasema hizo hela tumwachie yeye aliyekuwa anapika wali wa bokoboko wiki zote hizo 😅

#7 Omwami_wa_BP

BaridiKali, salamu kutoka Brooklyn Park. Nafanya kazi kwenye group home, nyumba ya kutunzia watu wanaohitaji msaada, na wengi wetu huku tuko hapo. Niligongwa nikimpeleka mteja wetu kliniki, gari ni la kazini. Supavaiza anasema nitumie no-fault ya gari langu. Gari langu lilikuwa limelala parking. Niko njia panda.

#8 BaridiKali

Omwami, uliumia ukiwa kazini, hivyo anayetangulia ni bima ya wafanyakazi ya mwajiri. Hiyo inakuja kabla ya no-fault yoyote. Ripoti kwa mwajiri kwa maandishi leo, uombe fomu ya taarifa ya kuumia kazini. Supavaiza hana mamlaka ya kukuchagulia bima, na wakati mwingine wanakuelekeza kwingine kwa sababu dai la kazini linawagusa wao.

Bima ya wafanyakazi kawaida inalipa theluthi mbili za mshahara. Pengo linalobaki, no-fault inaweza kuliziba ndani ya kikomo chake. Kwa hiyo fungua madai yote mawili na kila upande ujue kuwa mwingine upo. Kuficha kunakuja kukuumiza baadaye.

Na jingine kwa wanaobeba abiria kwa programu za simu: bima ya kawaida ya gari binafsi mara nyingi inajitoa pale unapowasha ile programu, hata kama hujapata abiria. Soma mkataba wako kabla hujawasha.

#9 Mutoto_wa_Bukavu

Bandugu, miye niko Louisville, Kentucky. Huku je? Nasikia watu wanasema no-fault, no-fault, lakini rafiki yangu mmoja alipata dola kidogo sana ya mushahara.

#10 MzeeWaLouisville

Nikusaidie hapo mwanangu, BaridiKali apumzike. Kentucky ni dola 10,000 tu, zote pamoja: hospitali, mshahara, kila kitu. Mshahara mwisho dola 200 kwa wiki. Ndiyo maana rafiki yako akaona kidogo. Siku moja ya dharura hospitali inaweza kulamba sehemu kubwa ya hizo 10,000, na wenye busara wanaiambia kampuni kwa maandishi kwamba fungu lililobaki liende kwenye mshahara kwanza.

Kentucky pia ina jambo lake: unaweza kuukataa mfumo wa no-fault kwa kujaza fomu ya serikali. Ukikataa unabaki na haki yako yote ya kushtaki, lakini na wewe utashtakiwa hivyo hivyo. Usipokataa, huwezi kumshtaki aliyekugonga kudai fidia ya maumivu mpaka matibabu yavuke dola 1,000, au umevunjika mfupa, au umebaki na ulemavu wa kudumu. Dola 1,000 Marekani ni kama hakuna, zinavukwa asubuhi.

Wenye pikipiki: PIP haiwahusu mpaka wainunue kwa hiari yao.

#11 BaridiKali

Shikamoo mzee, umenipumzisha kweli. Hapa Minnesota kizingiti cha kudai maumivu ni matibabu zaidi ya dola 4,000 (picha za eksirei za uchunguzi hazihesabiwi), au kushindwa shughuli zako siku 60 na kuendelea, au jeraha la kudumu, kovu la kudumu, au kifo. Ukifika hapo ndipo unaweza kumgeukia aliyekosa. Na pikipiki huku nazo ziko nje ya PIP.

#12 Nahodha_GR

Grand Rapids, Michigan, nipo. Nataka kumpinga mwanzisha uzi kidogo, maana mtu wa huku akishika ule msemo wa "gari linatengenezwa na aliyekosa" atalia.

Michigan GARI NALO LIKO NDANI YA NO-FAULT. Aliyekugonga hadaiwi gari lako, isipokuwa kiasi kidogo ambacho bima yako haikulipa, mwisho dola 3,000 (zamani ilikuwa 1,000). Kama huna bima kubwa ya gari lako, yaani ile inayolitengeneza bila kuangalia kosa, unaondoka na hizo 3,000, gari liwe limekufa au halijafa. Wageni wengi huku wananunua gari zuri, wanaweka bima ndogo, wanagongwa wamesimama, halafu hawaamini wanachoambiwa.

Mwili sasa. Zamani Michigan ilikuwa jimbo la ajabu: matibabu ya ajali maisha yako yote, bila kikomo. Gavana Whitmer alisaini mageuzi Mei 2019, na tangu Julai 2020 unachagua mwenyewe: bila kikomo, 500,000, 250,000, au 50,000 kwa walio kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Wakala anakuonyesha bei ya chini, unasaini 50,000 bila kujua umesaini nini. Walioumia kabla ya sheria ile Mahakama Kuu ya Michigan iliwalinda mwaka 2023, lakini sisi tulioingia juzi tunabeba tulichosaini.

Kuna mwaka mmoja wa kudai PIP. Ukipita, umepita.

#13 BaridiKali

Nahodha, nimekubali, na umefanya vizuri kuandika kwa herufi kubwa. Nilichosema cha gari ni cha Minnesota.

Abiria asiye na bima huko mnampeleka wapi? Huku anaanza na bima yake mwenyewe, hata kama alipewa lifti tu. Hana, tunaangalia ya ndugu anayeishi naye nyumba moja. Hana na hiyo, basi bima ya gari alilokuwamo.

#14 Nahodha_GR

Huku hatua hiyo ya mwisho waliiondoa kwenye mageuzi ya 2019. Abiria asiye na bima yake, ya mke au mume, wala ya ndugu wa nyumbani, anaomba kwenye mpango wa jimbo wa madai yasiyo na mwenyewe, na kikomo ni 250,000.

#15 KijanaWaKinondoni

Na mwenye gari lisilo na bima kabisa? Nauliza kwa niaba ya rafiki 😂

#16 BaridiKali

Mwambie rafiki yako kwamba Michigan mpango huo wa jimbo unamkataa. Minnesota nayo ina mfuko wa majeruhi wasio na bima popote, lakini mwenye gari ambaye sheria ilimtaka alikatie bima na hakukata, hapati. Mtembea kwa miguu asiye na gari anapata, hata kama aliyemgonga alikimbia.

#17 Bint_Pangani

Jamani mie naomba ushauri. Siku ya pili tu baada ya ajali yangu nilipigiwa simu na mtu anaongea Kiswahili kizuri kabisa, ananiita dada, ananiambia nije kliniki fulani ya mgongo, usafiri wao, wakili wao, "hela yako ipo". Namba yangu sijui kaipata wapi. Niende?

#18 BaridiKali

Dada, usiende.

Hawa wapo, na wanawinda jamii zetu kwa sababu wanajua tunaaminiana kwa lugha. Minnesota ni kosa la jinai kumwajiri mtu wa kuvizia majeruhi ili ampeleke kwa daktari au kliniki fulani. Namba yako mara nyingi wanaitoa kwenye ripoti ya polisi. Angalia hesabu yao: una 20,000 za matibabu, basi wanakupangia kunyooshwa mgongo mara kwa mara, miezi na miezi, mpaka fungu liishe na kizingiti cha 4,000 kivukwe. Siku ukigundulika una diski iliyochomoka na unahitaji MRI au mtaalamu, fungu tupu.

Sisemi watabibu wa mgongo hawafai. Sheria yenyewe inawatambua na wapo wanaosaidia sana. Chagua wewe, ulizia kwa daktari wako wa kawaida. Na fungu likiisha, hapo ndipo kadi ya bima ya afya inaingia. Peleka barua ya kampuni ya gari inayosema fedha zimekwisha.

#19 Omwami_wa_BP

Nimefungua dai la kazini, asante. Lakini mke wangu, yeye dai lake ni la gari, ameandikiwa barua akaonwe na daktari waliyemchagua wao. Aende? Si huyo daktari ni wao?

#20 BaridiKali

Aende. Kampuni ina haki hiyo, na kutokwenda bila sababu ya maana kunawapa kisingizio cha kukata malipo. Lakini ajue huyo daktari hamtibu, anaandika ripoti. Afike mapema, aombe mkalimani kama anamhitaji, aseme ukweli bila kuongeza wala kupunguza: kinachouma, kinachouma kidogo, na kisichouma. Watu wetu wana adabu inayowaponza hapa. Daktari anauliza "unaendeleaje?" mtu anajibu "nzuri, tunamshukuru Mungu", na kwenye ripoti inaandikwa mgonjwa amesema yuko vizuri. Akitoka aandike daftarini alikaa dakika ngapi na alipimwa nini.

Mara nyingi baada ya ripoti hiyo inakuja barua ya kusitisha malipo. Hapo bado. Madai ya no-fault yasiyozidi dola 10,000 Minnesota hayaendi mahakamani, yanakwenda kwa msuluhishi, na yanasikilizwa haraka kuliko kesi. Hapo wakili anasaidia kweli. Na malipo ambayo kampuni imeyachelewesha zaidi ya siku 30 tangu ipate vielelezo yanabeba riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Ajasta akisikia unaijua namba hiyo, sauti inabadilika kidogo.

#21 Bint_Pangani

Samahani kwa kurudi. Yule wa simu nimemblock. Sasa bima ya aliyenigonga imenitumia barua pepe, wananipa dola 1,500, wanataka nisaini leo leo kwenye simu. Gari nimeshatengenezewa nusu, bado taa na bampa. Mkono bado unakufa ganzi usiku.

#22 BaridiKali

Usisaini kwanza. Fungua hiyo karatasi, soma mstari unaoeleza unachoachilia. Imeandikwa uharibifu wa mali peke yake, au madai yote?

#23 Bint_Pangani

"Madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya mwili na mali."

#24 BaridiKali

Hapo wanakulipa taa na bampa, halafu wanaununua na mkono wako humo humo. Wajibu kwa barua pepe: utasaini ya gari tu, wakutumie karatasi ya gari peke yake. Wanazo, wanazitoa kila siku. Huo mkono upeleke kwa daktari wiki hii, chini ya namba ya dai ya kampuni yako, na umwambie neno hilo hilo ulilotuandikia hapa, ganzi ya usiku, aliweke kwenye faili.

#25 Bint_Pangani

Nimetuma. Wamejibu watanitumia nyingine kesho.